Shikamoo Bila Baba: Uchambuzi wa Kisa cha Neno Lililosemwa Barazani

Saa kumi na mbili asubuhi kijana wa miaka 15 anatoka chumbani amevaa sare, begi liko begani. Baba yake amekaa kwenye kiti cha ukumbini, anafunga kamba za viatu. Kijana anasimama hatua mbili kutoka kwake. "Shikamoo." Baba anajibu bila kuinua kichwa: "Marahaba." Kijana anatoka. Mpaka kesho yake, saa ileile, hawatasemeshana tena.

Mgeni akilala nyumba hiyo usiku mmoja ataondoka akiwasifu. Mtoto ana adabu, baba mpole, sauti hazipandi. Lakini mimi ni shangazi wa kijana huyo, nimemsikia tangu anajifunza kutamka, na salamu yake siku zote ilikuwa na maneno mawili: "Shikamoo, baba." Neno la pili lilikatika siku moja ya mwezi wa Januari, na aliyelikata ni baba mwenyewe.

Kazi yangu ni ustawi wa jamii, na familia za watu wengine nimekaa nazo nyingi. Hii ni ya kaka yangu wa kuzaliwa, kwa hiyo sikuishughulikia kama kazi, na baadaye mtaona kwamba nilipojaribu kuifanya kazi niliharibu. Kaka, wifi yangu na kijana mwenyewe wamekubali niandike. Majina nimeyaacha.

Nyumba yenyewe

Kaka ni seremala. Karakana yake iko Keko, Dar es Salaam, kule ambako ukiwa barabarani tu unasikia mashine za kuranda na kunusa vanishi. Anatengeneza vitanda, makabati na meza za kulia, mara nyingi kwa mninga na mtiki. Ana miaka 47. Tumezaliwa Muheza, mkoani Tanga. Yeye ni wa kwanza, mimi ni wa nne. Anaishi Mbagala na mkewe na watoto watatu. Kijana huyu ndiye mkubwa, na wa kiume ni yeye peke yake.

Kaka hapigi watoto. Ni jambo analojivunia, na ana haki ya kujivunia, kwa sababu sisi tulilelewa kwa fimbo, na shuleni fimbo hadi leo inaruhusiwa Tanzania, wakati wenzetu wa Kenya waliipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Kwa hiyo nilipoanza kumuuliza kilichotokea, sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Sijamgusa hata kofi." Aliirudia mara tatu katika mazungumzo yale. Niliiweka akilini, kwa sababu mtu hajitetei mara tatu kwa jambo ambalo hakuna aliyemshitaki nalo.

Siku yenyewe

Matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili hutoka Januari. Siku hiyo kaka alikuwa karakana na hakujua kama yametoka. Aliyapata kwenye kundi la WhatsApp la ukweni, kwa ujumbe wa sauti wa shemeji yake. Aliufungulia kwa spika kama afanyavyo siku zote, maana mikono ilikuwa na gundi. Mbele yake walikuwepo mafundi wawili na mteja aliyekuja kuulizia kitanda cha sita kwa sita. Shemeji akawapongeza watoto wa ukoo waliofaulu, mmoja mmoja kwa jina, kisha akamalizia: "Na ambao hawakufanikiwa tusikate tamaa, kukariri darasa si mwisho wa dunia."

Hakumtaja mtu. Lakini kwenye ukoo ule mtoto wa Kidato cha Pili ambaye jina lake halikusomwa alikuwa mmoja tu. Mteja akatabasamu kidogo, akaendelea kuulizia bei.

Kaka alifika nyumbani kama saa moja usiku. Majirani wawili, wazee wa makamo anaoswali nao, walikuwa kibarazani wakisubiri adhana ya Isha. Hakuwasalimia vizuri. Alimwita kijana kutoka ndani, akamsimamisha pale taa inapomulika, akasema: "Mimi nakula vumbi la mbao miaka ishirini na tano, wewe unakwenda kulala darasani. Umenivua nguo mbele za watu. Kuanzia leo usiniite baba."

Wifi alikuwa mlangoni. Anasema kijana hakulia wala hakujibu. Alisimama mpaka alipoambiwa ondoka.

Baada ya hapo nyumba ilijipanga upya yenyewe, kama maji yanavyozunguka jiwe. Kijana akawa anakula baba akishalala. Wifi akawa anamwekea chakula jikoni, sahani imefunikwa kwa sahani nyingine na juu kitambaa. Jumamosi, ambazo zamani alikuwa anakwenda Keko kusaidia kupiga msasa, akawa anabaki nyumbani kufua sare. Na mawasiliano yote yakapita kwa mama: "Mwambie baba yako hela ya mtihani wa mwezi." "Mwambie mwanao taa ya chumbani izimwe." Wiki saba zilikwenda hivyo.

Nilivyoanza vibaya

Nilipata habari wiki ya tatu, nikapanda basi kutoka ninakofanyia kazi. Nikamkuta kaka, nikakaa naye, nikaanza kumweleza kuhusu hasira: namna inavyopanda, namna ya kupumua, madhara yake kwa mtoto. Nilisema vizuri. Hata sauti yangu ilikuwa ile ya kwenye mafunzo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Dada, unaongea kama semina. Hasira zilikwisha siku ileile. Mimi sasa hivi sina hasira na mtu."

Nilidhani anakwepa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeudhika, na ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba alikuwa anasema kweli tupu.

Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika makala iliyolipa jina jambo tunaloliita akili ya hisia. Baadaye, mwaka 1997, waliligawa katika uwezo wa aina nne: kutambua hisia, kuitumia katika kufikiri, kuielewa imetoka wapi na inaelekea wapi, na kuisimamia. Watu wengi tunaofundisha mambo haya tunakimbilia la nne. Tunamfundisha mtu kusimamia kitu ambacho hajakitambua. Ndivyo nilivyomfanyia kaka yangu: nilimpa dawa ya hasira, na ugonjwa haukuwa hasira.

Na jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo, kwenye maneno yake mwenyewe. Umenivua nguo. Mswahili hasemi amevuliwa nguo kwa sababu amekasirika. Anasema hivyo alipoumbuka. Hasira ilikuwa nguo ya kwanza aliyoipata karibu, akaivaa haraka kujisitiri.

Lugha yetu ina maneno ya kutosha hapa, ila tunayatumia vibaya, hasa wanaume. Kuna haya, inayomzuia mtu kufanya jambo. Kuna aibu, inayomjia akishalifanya. Kuna fedheha, ambayo unafanyiwa, na haiwi fedheha kama hakuna macho ya watu. Kuna kuumbuka, pale ulichokificha kinapofunuka. Hata hasira zenyewe haziko sawa: kukereka si kuudhika, na kuudhika si kuhamaki. Lakini kaa kibarazani na wanaume wa mtaa wowote wiki nzima, uhesabu. Utasikia "nimekasirika", utasikia "nimechoka", basi. Mtoto wa kiume anaambiwa jikaze tangu ana miaka minne, na kila anapojikaza anapoteza neno moja.

Swali la pili

Nilirudi mwishoni mwa Februari, na safari hii nikamfuata karakana. Sikumuuliza juu ya mtoto. Nilimuuliza juu ya ule ujumbe wa sauti: ulipofika, ulikuwa umesimama wapi? Nani alikuwepo? Mwilini ulisikia nini?

Alikuwa anapiga msasa mguu wa meza. Akaendelea kama dakika nzima. Kisha akasema masikio yalipata moto. Akasema aliona mteja anacheka, ingawa sasa akifikiri hana hakika kama alicheka. Akaacha msasa. "Niliumbuka, mdogo wangu. Hata shemeji alijua kabla yangu. Watu wa ukweni wote walijua, mimi baba mtu nimeshika gundi."

Mabega yalishuka. Naliandika hili kwa sababu nililiona kwa macho. Kuna uchunguzi wa Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa mwaka 2007. Watu waliwekwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakaonyeshwa nyuso zenye hasira na hofu. Walipotakiwa kuchagua neno la hisia iliyo usoni, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshituka tunapohisi hatari, ilitulia kuliko walipotakiwa kuchagua tu jina, la kike au la kiume, linaloufaa uso ule. Mimi sina mashine. Nilikuwa na kaka yangu, na niliona namna mkono ulivyolegea juu ya mbao alipolipata neno lake.

Nikamuuliza: mara ya mwisho kuumbuka namna hiyo ilikuwa lini?

Hakunijibu, na sikuhitaji anijibu, kwa sababu nilikuwepo. Muheza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, matokeo ya darasa la saba. Nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko sasa na wengi hawakuchaguliwa. Baba yetu alikwenda shuleni kuangalia orodha ubaoni, akarudi akiwa na wageni wawili. Kaka alikuwa amesimama kando ya mlango. Mimi nilikuwa mdogo, nimeshika kopo la maji ya kuwanawisha wageni. Marehemu baba alisema, huku ananawa: "Huyu tumpe jembe. Kichwa hana." Wageni wakacheka kwa heshima, kama watu wanavyocheka kumridhisha mwenyeji.

Mwaka uliofuata kaka alikwenda Dar kujifunza useremala kwa fundi mmoja. Leo kaka ni fundi mzuri sana. Meza zake ziko kwenye nyumba za watu ambao vichwa vyao vilisifiwa. Na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kulizungumza lile kopo la maji, mpaka siku ile Keko nilipomwambia: "Kaka, nakumbuka." Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo: "Nimemfanyia vilevile. Hadi watu wawili."

Sitaki mtu asome hapa kwamba marehemu mzee wetu alikuwa mbaya. Alikuwa amebeba fedheha yake, ya mtu aliyelima mkonge wa wenyewe na kutaka mwanawe wa kwanza atoke. Ninachosema ni kwamba kaka aliweza kuiacha fimbo kwa sababu fimbo inaonekana. Aliiona, akaikataa. Hili la pili hakuliona, kwa hiyo alilirithi kama lilivyo.

Kijana

Kijana sikumuuliza "unajisikiaje". Ni swali ambalo kwa mtoto wa miaka 15 lina jibu moja: poa. Nilimwomba anisindikize sokoni Rangi Tatu, na wakati wa kurudi tulipanda bajaji. Kwenye bajaji mnakaa bega kwa bega, hakuna anayemtazama mwenzake, na kelele za njia zinafunika. Maneno hutoka.

"Shangazi, mimi najua nimefeli. Hilo naliweza. Ila ameniambia nisimwite. Mimi nafanya alichoniambia."

Nilinyamaza muda mrefu. Wote nyumbani walikuwa wanadhani amesusa. Baba aliona kiburi, mama aliona kununa. Yeye alikuwa anatii. Alikuwa ameichukua amri ya baba yake na kuitekeleza kila asubuhi saa kumi na mbili, akisimama hatua mbili kutoka kwake. Sijui kama kuna adhabu ambayo mtoto angeweza kumpa mzazi iliyo nzito kuliko utii wa namna hiyo.

Nikamuuliza na habari ya masomo. Alisoma shule ya msingi ya serikali, ambako masomo ni kwa Kiswahili, akaingia sekondari ambako kila kitu ni kwa Kiingereza. Watoto wetu wengi wanavuka mto huu, na wengi wanauvuka wamefumba macho. Yeye alipotea kwenye hisabati na fizikia tangu Kidato cha Kwanza. Hakuelewa, na hakuuliza, kwa sababu aliyenyoosha mkono akakosea Kiingereza, darasa zima linacheka. Siku moja walimcheka yeye. Hakunyoosha mkono tena kwa mwaka mmoja na nusu.

Kwa hiyo tuna watu wawili katika nyumba moja ambao waliumizwa na kitu kilekile, kuchekwa mbele za watu. Mkubwa alijisitiri kwa hasira, mdogo kwa ukimya. Kila mmoja aliona nguo ya mwenzake tu, akaichukia.

Mwaka 2003 Emily Butler na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi ninaoukumbuka kila nikiingia nyumba yenye ukimya. Wanawake wawili wawili wasiojuana walionyeshwa filamu ya kuhuzunisha, kisha wakaizungumza. Katika baadhi ya jozi, mmoja aliagizwa kwa siri asionyeshe hisia zozote. Yule mwingine, ambaye hakujua lolote, shinikizo lake la damu lilipanda. Ukikaa na mtu anayeficha, mwili wako unajua. Wifi alikuwa akilalamika kichwa na moyo kwenda mbio tangu Januari, na alikuwa ameshapima malaria mara mbili.

Wifi

Wifi ndiye nilimsahau, kama anavyosahauliwa kila anayebeba ujumbe kati ya watu wawili. Na yeye alikuwa na lake. Agosti ya mwaka uliotangulia kijana alimwambia kwamba hisabati imemshinda. Akamjibu, "Usimwambie baba yako, nitatafuta mtu wa kukufundisha," halafu hela ya mwalimu haikupatikana. Alinyamaza ili amani isivunjike. Anaita hivyo, amani. Wanawake wengi tumelelewa kuwa mto wa nyumba: kila kigumu kikianguka kiangukie kwetu kisitoe sauti. Lakini ndiyo maana kaka alikuwa wa mwisho kujua, na kuwa wa mwisho kujua ndiko kulikomuumbua.

Walipokaa kulizungumza hilo, mimi nikiwepo, kaka alianza kupandisha sauti. Nilimweleza kitu ambacho John Gottman alikigundua kwa kuwapima wanandoa katika maabara yake kwenye Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle: mapigo ya moyo yakishapita 100 kwa dakika katikati ya mabishano, mtu hasikii tena anachoambiwa, na mwili unahitaji angalau dakika 20 kutulia. Nilijiandaa kuambiwa tena kwamba naongea kama semina. Badala yake akanitazama, akasema haya aliyasoma madrasa Muheza akiwa na miaka tisa: kwamba mwenye nguvu si anayeshinda mieleka bali anayejimiliki anapoghadhibika, na kwamba ukighadhibika umesimama, kaa, na hasira isipoondoka, ulale.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Siku ile nilikuwa nimesimama."

Alitoka kwenda kutia udhu, akakaa msikitini mpaka baada ya Magharibi. Ni zaidi ya dakika 20. Aliporudi walizungumza mpaka saa nne usiku. Wifi aliomba radhi kwa kuficha. Kaka alitaka kujua kwa nini mkewe anaogopa kumwambia jambo, na wifi akamjibu kwa mifano mitatu, yenye tarehe. Hakuna mbinu niliyowafundisha iliyozidi ile mifano mitatu, kwa sababu kaka aliisikiliza amekaa.

Viatu, kisha baraza

Kuomba radhi kwa mtoto ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, na hapa ndipo nadhani kisa hiki kina la kuwafaa wengine.

Kwanza kaka alinunua raba. Nzuri, za bei. Akaziweka juu ya kitanda cha kijana bila kusema kitu. Kijana alizisogeza chini ya kitanda ndani ya boksi lake. Kaka akanipigia simu amekata tamaa: "Hazitaki." Nilimwambia viatu si kitu kidogo, baba zetu wengi waliomba radhi kwa viatu, na sisi tulizivaa radhi hizo kwa sababu hatukuwa na nyingine. Lakini neno halifutwi na kiatu. Neno hufutwa na neno.

Akaja na wazo la pili: amwite chumbani, wawili tu, amwambie yaishe. Nilisita. Ukimwumiza mtu faraghani, mwombe radhi faraghani. Kaka alilisema neno lile mbele ya macho manne ya majirani, na kila jioni kijana alipokwenda dukani alipita mbele ya macho hayohayo. Fedheha iliyotiwa barazani haitoki chumbani. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, pamoja na kukataza kumtesa mtoto, inakataza kumdhalilisha, na kudhalilika ni jambo la mbele za watu.

Ilimchukua siku tisa kukubali. Hofu yake niliielewa: kwamba baba akiomba radhi mbele ya watu, mtoto atapanda kichwani. Nilimuuliza kama yeye angempanda kichwani mzee wetu, siku ile, kama mzee angewaambia wale wageni, "Nimekosea kusema." Hakujibu. Nadhani ndilo lililomwamua.

Ilikuwa Ijumaa ya Machi. Majirani walewale waliitwa, kahawa ikaletwa na kashata. Kijana akaitwa. Safari hii baba alimwambia akae, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa. Sauti ilimtetemeka mwanzoni.

"Siku ile nilisema neno mbele yenu. Lile neno halikuwa kweli. Huyu ni mwanangu. Mtihani tutauzungumza mimi na yeye, lakini ubaba sikuwa na ruhusa ya kuuondoa. Nilikuwa nimeona aibu zangu, nikamtupia yeye. Nisamehe, baba."

Alimwita baba, kama tunavyowaita watoto wetu wa kiume tunapowabembeleza. Mzee mmoja akasema, "Alhamdulillahi," akasogeza kikombe. Kijana alikuwa anachora sakafuni kwa kidole gumba cha mguu. Akasema, "Sawa." Akaomba ruhusa, akaingia ndani.

Kaka aliona imeshindikana. Wifi ndiye aliyenieleza kilichofuata: usiku ule, mkeka ulipotandikwa, kijana alinawa mikono akaja kukaa. Alikaa pembeni kabisa, karibu na mlango, akala haraka. Sahani iliyofunikwa haikuwepo jikoni.

Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza akina mama na watoto wachanga tangu miaka ya 1970, aliona kwamba hata pale wanapopendana vizuri, sehemu kubwa ya muda mama na mtoto hawaendani: huyu anatazama, yule amegeuka. Kinachomjenga mtoto ni kuona kwamba baada ya kupotezana wanarudiana. Kaka alitaka kurudiana kwa siku moja. Kijana alikuwa anarudi kwa mwendo wake, na mwendo wake ulianzia mlangoni.

Sasa

Ninaandika mwezi wa Septemba. Kijana anakariri Kidato cha Pili. Mwalimu wa hisabati amepatikana, mwanafunzi wa chuo anayekaa mtaa wa pili, anamfundisha kwa Kiswahili kwanza ndipo wanaligeuza somo kwa Kiingereza. Kaka alitaka kumfundisha vipimo karakana, maana futi na inchi anazigawa kichwani bila karatasi. Nilimwambia asubiri, mtoto akija Keko asikute darasa jingine. Alivumilia, na najua ilimgharimu.

Jumamosi kijana amerudi kazini. Mbele ya mafundi wengine anamwita baba yake "fundi", kama wanavyomwita wote. Mwezi uliopita walikuwa wanaunganisha ubao wa kichwani wa kitanda, gundi haijashika, upande mmoja ukaanza kuteleza. Kijana akapiga kelele, "Baba, shika huku!" Kaka akashika. Wakaendelea. Hakuna aliyesema kitu. Kaka aliniambia alishika ule ubao muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji.

Kesho yake asubuhi salamu ilikuwa "Shikamoo" tu. Nilimuuliza kama limemuumiza. Akasema limemuuma, lakini analijua jina lake: anaona majuto, haoni hasira. Nilimuuliza atafanya nini. Akasema anamngoja.

Kilichobadilika ni upande wake. Siku hizi anaacha kamba za viatu, anainua kichwa. "Marahaba, mwanangu. Umelalaje?" Kijana, begi liko begani, anasimama kidogo kabla ya kutoka, amwambie amelalaje.